"Serikali Imuone" Sio Malipo: Dogo wa Chanzuru, Staa wa Bongo Fleva na Ndege Tatu za Kivita

Kama umeingia TikTok au Insta wiki hizi mbili basi lazima umekutana nayo. Kiganja cha mkono, juu yake ndege ya kivita, nyuma yake mkonge umepangwa mstari mpaka jicho linachoka. Sekunde 15 tu. Kabla kidole gumba hakijaingia kwenye picha, unaweza kuapa kwamba ni ndege ya kweli imepaki uwanjani: bati lina alama za ripiti, tumbo lina masizi, tairi moja limelika upande.

Aliyeitengeneza ni dogo wa miaka 22 anayeishi Chanzuru, wilayani Kilosa, mkoa wa Morogoro. Jina kapuni. Upande wa pili wa stori yupo staa wa Bongo Fleva mwenye wafuasi wa kumwaga. Na yeye jina kapuni, japo wenye macho wameshamjua.

Stori iko hivi. Klipu ilipoanza kutrendi, timu ya staa ilimtafuta dogo inbox. Wakataka ndege tatu kwa ajili ya video mpya yenye mandhari ya kijeshi. Dogo akazifunga kwenye boksi la biskuti, akapanda gari mpaka Dar, akazikabidhi. Alichopewa ni nauli ya kwenda na kurudi, sahani ya chipsi kuku pale lokesheni, na ahadi kwamba atatagiwa. Video imetoka. Ndege zinaonekana vizuri tu, moja imekaa mkononi mwa staa karibu kiitikio kizima. Tagi hakuna. Kwenye maelezo ya video yameandikwa majina ya mpiga picha, mtu wa mavazi, mtu wa nywele, mpaka aliyeleta moshi. Jina la aliyechonga ndege halipo.

Ndege mbili zimerudi salama. Ya tatu imerudi na bawa limevunjika, na ule mkuki wa puani umebandikwa upya na supa gluu, mahali pasipo pake.

Mashabiki wamegawanyika. Wapo wanaosema dogo kapigwa changa la macho. Wapo wanaosema ashukuru kwa kupewa jukwaa. Na lipo kundi kubwa kuliko yote mawili, ambalo komenti yake ni ile ile kila siku: "Serikali imuone huyu kijana."

Ukweli usemwe. Makundi yote matatu yamekwepa swali lenye maana, ambalo ni moja tu: kazi ile ilikuwa ya shilingi ngapi, na kwa nini hakuna aliyeuliza?

HIYO KAZI NI KAZI GANI HASA?

Wengi waliokomenti "mtoto mkubwa huyu" hawajawahi kukaa chini wakaangalia ndege yenyewe kwa utulivu. Basi iangaliwe.

Ndege iliyotrendi ni MiG-21, ndege ya kivita ya Urusi ya Kisovieti iliyoruka mara ya kwanza miaka ya 1950 na ambayo zilitengenezwa zaidi ya 10,000. Hata Tanzania ilizinunua miaka ya 1970, na ndugu yake wa Kichina, F-7, anafanana naye kama pacha. Kuitambua ni rahisi: pua iko wazi kama mdomo wa bomba, katikati ya pua kuna koni, na mabawa ni pembetatu.

MiG-21 halisi, kutoka ncha ya bawa moja mpaka ncha ya bawa lingine, ni mita 7 na sentimeta 15. Ya dogo ni urefu wa rula ya shule, sentimeta 30 hivi. Piga hesabu, unapata 1/24. Maana yake kila sentimeta 1 ya modeli ni sentimeta 24 za ndege yenyewe. Hiyo skeli haikutokea kwa bahati. Watengeneza modeli duniani kote wanaitumia. Kampuni ya Uingereza ya Airfix ilitoa Spitfire ya 1/24 mwaka 1970. Dogo aliipata kwa rula, kikokotoo cha simu na picha za ndege alizopakua.

Sasa njoo kwenye malighafi. Kiwiliwili ni mlingoti wa mkonge. Wenyeji wa Kilosa wanaujua: mkonge ukifika mwisho wa umri wake unatoa mlingoti mmoja mrefu katikati, unachanua, kisha mmea unakufa. Ule mlingoti ukikauka unakuwa mwepesi kama sponji lakini unashika umbo. Upande wa Kimamba na Rudewa mashamba ya mkonge yapo tangu enzi za babu, na watoto wa huko wamechonga magari ya mlingoti vizazi na vizazi. Dogo hakubuni hilo. Alichofanya ni kuanza pale watoto wenzake walipoacha.

Mabawa ni bati la kopo la dawa ya mbu, limekatwa na mkasi, likakunjwa ili mbele pawe butu na nyuma pawe pembamba. Kioo cha rubani ni chupa ya soda ya plastiki iliyolainishwa kwenye moto wa mshumaa na kuvutwa juu ya kipande cha mti kilichochongwa. Hapo ukizidisha moto sekunde mbili inakunjamana, unaanza upya. Makombora ni mirija ya kalamu. Miguu ya kutulia ni spoku za baiskeli, matairi ni kandambili iliyokatwa duara na kusuguliwa msasa.

Hapo bado hajafika kwenye utamu. Utamu uko kwenye kuinakshi. Mistari ya kuungana mabati inachorwa na ncha ya bikari, ile ya kwenye mkebe wa hesabu, ikiegemezwa kwenye rula. Ripiti ni nukta moja moja kwa pini. Juu yake inapigwa rangi, nyingine ni rangi ya kucha iliyochanganywa ili kupata ule ujivu wa bati lililopigwa jua. Kisha rangi nyeusi nyepesi kama chai inapakwa na kufutwa haraka kwa kitambaa, ili ibaki ndani ya ile mistari tu. Mwisho masizi ya kibatari yanapakwa kwa kidole nyuma ya injini na pembeni ya mtutu wa mzinga, kwa sababu ndege inayoruka inachafuka sehemu hizo na sio nyingine.

Hapo ndipo anapotofautiana na mtu aliyenunua ndege ya plastiki sokoni. Ndege mpya kabisa inaonekana ya kuchezea. Iliyochafuliwa mahali sahihi inaonekana ya kweli. Kujua mahali sahihi kunataka mtu aangalie picha mamia, na aelewe kwa nini mafuta yanavujia pale na rangi inabanduka hapa.

Kwa ndege moja ni wiki tatu mpaka nne, jioni baada ya shamba. Tatu zilizokwenda kwenye video ni karibu miezi mitatu ya maisha ya mtu. Malipo: nauli na chipsi kuku.

KABATI LA KIOO LA MBEZI BEACH

Ngoja kwanza. Kuna staa mwingine, huyu wa maigizo, aliposti sebule yake mpya mwaka huu. Nyuma ya sofa kuna kabati la kioo lenye taa ndani, limejaa ndege za kivita ndogo ndogo. Ni modeli za plastiki kutoka Japani, unanunua boksi lenye vipande, unaunganisha mwenyewe au unamlipa mtu akuunganishie. Komenti zikamiminika: "Kaka una levo zako." "Hobi ya watu walioenda shule." "Hii ndio class sasa."

Sawa, hakuna ubaya. Lakini linganisha. Mtu aliyenunua vipande vilivyokatwa tayari kiwandani ana "class". Mtu aliyevichonga vipande vyenyewe kutoka kwenye mlingoti wa mkonge ni "mtoto mkubwa", "asaidiwe", "akalime". Hobi ni ile ile. Tofauti ni kabati na mtaa.

Huko nje hakuna anayeona aibu. Japani, mkoa wa Shizuoka unajulikana kwa kampuni za modeli kama Tamiya na Hasegawa, na kila mwaka una maonyesho makubwa ambako watu wazima na mvi zao wanakwenda na ndege zao kwenye maboksi kama anavyobebwa mtoto mchanga. Uingereza, wapenzi wa modeli za plastiki walianzisha chama chao mwaka 1963, leo kina matawi nchi nyingi. Watu wanashindana, majaji wanakagua kwa tochi kama mstari wa bawa umenyooka.

Na kwa wanaodhani hayo ni ya watu wasio na kazi, kuna kisa cha mwaka 1942. Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa vitani na likawa na tatizo: askari wanapiga ndege zao wenyewe kwa sababu hawazitofautishi na za adui. Likaomba wanafunzi wa shule nchi nzima wachonge ndege za mbao, nusu milioni, zote kwa skeli ya 1/72, ili zitumike kufundishia askari kutambua ndege angani. Watoto wakachonga. Skeli waliyotumia ndiyo inayotawala maboksi ya modeli mpaka leo. Kitu ambacho komenti inakiita mchezo wa kitoto, jeshi lilikiweka kwenye mafunzo ya vita.

"KWA NINI ACHONGE NDEGE ZA VITA? ANGECHONGA TWIGA"

Hii nayo imekomentiwa sana, tena na watu wenye nia nzuri. Wanauliza kwa nini kijana wa nchi ya amani ashinde na silaha. Mikumi iko wilaya hiyo hiyo, tembo na twiga wapo, watalii wanapita, si achonge wanyama auze?

Swali lina uzito na linastahili jibu la heshima. Lakini jibu lipo kwenye ukurasa wa dogo mwenyewe, kwa anayeshuka chini kidogo zaidi ya ile klipu moja.

Posti yake ya sita ni ndege ndefu nyembamba, injini mbili zimebebwa mkiani, kushoto na kulia kwa pezi la wima. Kapsheni: "Iliyokosea Mwanza." Hiyo ni Tu-22 ya Libya. Mwaka 1979, katikati ya vita vya Kagera, Gaddafi alimsaidia Idi Amin kwa kuituma ndege kama hiyo kuja kupiga Mwanza. Mabomu yakakosa shabaha, yakaangukia Kisiwa cha Saanane na kuua swala. Kisiwa kile leo ni hifadhi ya taifa, watu wanakwenda kupiga selfi.

Nenda kasome komenti za posti hiyo. Vijana wa Mwanza, waliozaliwa na kukulia pale, wanaandika kwamba hawakuwahi kusikia. Mmoja anasema amekwenda kumuuliza bibi yake, bibi akamsimulia mpaka walivyozima taa usiku. Mwingine anasema baba yake alikuwa Kagera na hajawahi kuzungumza habari zile nyumbani, ila alipoonyeshwa picha ya modeli kwenye simu akaitazama muda mrefu, akasema, "Hizi tulikuwa tunazisikia kabla ya kuziona."

Twiga wa mbao hawezi kufanya hivyo. Wachonga twiga wapo wengi na wanafanya vizuri, Mungu awabariki. Ila vita vya 1978 na 1979 viko nje ya simu za vijana wengi, na huyu dogo amevirudisha kwa kutumia kopo la dawa ya mbu. Anayechonga ndege ya vita anaweza kuwa anapenda vita, kweli. Anaweza pia kuwa ndiye peke yake mtaani aliyekaa akamsikiliza babu yake mpaka mwisho.

Wengine wamemtisha kwamba "atakamatwa", wakikumbusha kwamba mwaka 2023 JWTZ iliwataka raia wenye mavazi ya kijeshi wayasalimishe. Jamani. Gwanda ni gwanda, mtu akilivaa anaweza kudhaniwa askari. Hakuna atakayepanda mlingoti wa mkonge wa sentimeta 60 akadhaniwa rubani. Dogo anafanya kazi kwa picha zilizoko hadharani na zile ndege zinazopita juu ya uwanja kwenye sherehe za kitaifa ambazo nchi nzima inaziona.

"SERIKALI IMUONE" NA MTEGO WAKE

Sasa ile komenti pendwa. Ukiiangalia juu juu ni ya upendo. Mtu ameona kipaji, anaumia kwamba kinapotea, anaita wakubwa. Lakini angalia inachofanya.

Kwanza, inamwondoa mwandikaji kwenye jukumu. Ameandika maneno mawili, ameweka emoji ya moto, amepita zake. Angeweza kumuuliza "Bro, moja unauza bei gani?" Kwenye komenti zile zote zilizojazana chini ya klipu, waliouliza bei wanahesabika kwa vidole.

Pili, inabadilisha kazi yenyewe kuwa kitu kingine. "Serikali imuone" mara nyingi inafuatwa na "apelekwe VETA," "apelekwe chuo cha anga," "atatutengenezea ya kweli huyu." Yaani watu hawawezi kuipenda modeli kama modeli. Lazima iwe hatua ya kwenda kwenye kitu kikubwa, la sivyo ni upuuzi. Mchonga modeli anaonekana injinia aliyeshindikana.

Hatari yake sio ndogo. Afrika Mashariki imeshaona vijana waliobebwa na shangwe za namna hii. Tunduma kulikuwa na fundi aliyeunda helikopta, picha zikazunguka nchi nzima. Uganda, mwaka 2011, kulikuwa na kijana aliyekuwa anajenga ndege uani kwa mama yake, vyombo vya habari vya dunia vikaja. Hao walitaka kutengeneza ndege za kupandwa na watu, ni ndoto yao na wana haki nayo. Dogo wa Chanzuru hajawahi kusema anataka kuruka. Ameandika mara mbili, tena kwa herufi kubwa, kwamba yeye anapenda kutengeneza ndogo. Bado kuna mtu anamjibu, "Usijidharau mdogo wangu, weka injini ya pikipiki tuone."

Weka injini ya pikipiki! Juu ya nini? Nani atakayelipa jeneza?

Ndege ya kweli inatengenezwa na mamia ya watu, vipimo, maabara na mamlaka ya kukagua. Modeli inatengenezwa na mtu mmoja, wembe na subira. Ni ufundi mbili tofauti, kama mpishi wa keki ya harusi na mjenzi wa ghorofa. Hakuna anayemwambia mpishi wa keki ya ghorofa tano, "Serikali imuone atujengee za kuishi." Keki yake inalipwa, watu wanakula, maisha yanaendelea.

STAA NAYE ASIKILIZWE

Haki ni haki, upande wa pili nao una hoja. Watu wa karibu na staa wanasema video ni gharama: kamera, taa, gari, kibali cha eneo, madansa. Wanasema dogo alikubali mwenyewe, hakulazimishwa. Wanasema pia kwamba wafuasi wake wameongezeka tangu video itoke, hivyo ile "platform" ni kweli ameipata.

Kuhusu wafuasi, kweli wameongezeka. Lakini waliongezeka kwa sababu mashabiki walifanya upelelezi wao wenyewe wakamtafuta. Timu haikuandika jina lake popote. Kumsifu staa kwa hilo ni kama kumshukuru aliyekuacha porini kwa sababu ulipata lifti.

Kuhusu kukubali, ndiyo, alikubali. Dogo wa miaka 22 kutoka Chanzuru anapigiwa simu na menejimenti ya mtu ambaye nyimbo zake zinapigwa kwenye kila bodaboda inayopita pale kijijini, unategemea atasema "Nitumieni mkataba kwanza"? Mwenye uzoefu kwenye chumba kile alikuwa nani? Mjini shule, wanasema. Basi aliyekwisha kuhitimu ndiye anayebanwa zaidi.

Na linalouma ni kwamba staa huyu huyu ni mkali sana kwenye haki zake. Si muda mrefu alimchana mtu hadharani kwa kutumia biti yake bila ruhusa, akataja hakimiliki, akataja COSOTA. Alikuwa sahihi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda biti. Sheria hiyo hiyo inazilinda pia kazi za sanaa za kuchonga. BASATA nao wanapotaja sanaa, sanaa za ufundi zimo kwenye orodha pamoja na muziki na maigizo. Mchonga ndege na mwimbaji wako kwenye nyumba moja, tofauti ni kwamba mmoja amekalia kochi na mwingine bado yuko barazani.

Historia ya hapa nyumbani inafundisha. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar, kwa rangi ya kupakia baiskeli, juu ya ubao wa kawaida, akauza picha zake kwa bei ya kawaida kule Oysterbay. Siku zile nani angesema rangi ya baiskeli ni sanaa? Akafariki mwaka 1972, kijana tu. Leo jina lake ni mtindo mzima, ukishuka uwanja wa ndege unaukuta, ukienda Zanzibar unaukuta, Ulaya unaukuta. Wengi wamekula kupitia mtindo ule. Mwenyewe aliishi nao miaka michache tu.

Rangi ya baiskeli na rangi ya kucha ni majirani. Ndiyo maana swali la malipo linaulizwa sasa, dogo akiwa hai na mikono yake ikiwa salama.

NINI KIFANYIKE, BILA SIASA

Kwa staa: bado hujachelewa, kaka. Maelezo ya video yanahaririwa kwa dakika moja. Weka jina lake. Kisha mlipe ndege tatu kwa bei ya kazi, na ile iliyovunjika bawa ilipiwe kama iliyonunuliwa. Kwa bajeti ya video ile, ni chini ya pesa ya moshi. Na waambie vijana wako kwamba kwenye MiG-21 za mwanzo ule mkuki uko chini ya pua, kwenye matoleo ya baadaye ukahamia juu. Ya dogo ilikuwa ya baadaye. Mliubandika chini. Kwenu ni kasoro ndogo, kwake ni sawa na kutoa wimbo wako huku sauti imepishana na biti.

Kwa mashabiki: mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, na kutunza ni kutoa kitu mfukoni. Ukipenda kazi, uliza bei. Ukiona bei ni kubwa, sema kubwa, usiseme "kipaji kinapotea". Kinapotea kwa sababu hakinunuliwi. Mtu anayelipia keki ya bethdei yenye picha ya gari anaweza kulipia ndege itakayokaa mezani miaka 10.

Kwa dogo: pokea maneno ya watu wanaokutakia mema. Andika bei kwenye ukurasa wako, bei ya kweli inayohesabu wiki nne, usiogope. Saini chini ya bawa kwa pini kabla hujapiga rangi, ili isifutike. Piga picha kila pembe kabla hujamkabidhi mtu. Makubaliano yawe kwa meseji ukishindwa karatasi: ndege ngapi, siku ngapi, shilingi ngapi, ikivunjika nani analipa. Nusu mkononi kabla boksi halijapanda gari. Na mtu akikuambia weka injini ya pikipiki, mbloki.

Mpaka jana usiku ukurasa wake ulikuwa haujaguswa kwa siku tisa. Anayemfahamu kwa karibu anasema hajaacha, ila ameliweka boksi la biskuti juu ya kabati na hataki kuliona kwa sasa. Ile MiG-21 yenye bawa lililovunjika imo humo humo, mkuki wake bado uko chini.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Staa amlipe au nauli na chipsi kuku vilitosha? Na wewe uliyeandika "serikali imuone", ungetoa shilingi ngapi kwa ndege moja? Andika namba, sio emoji.